Msaada: VPN ya tawi na ofisi kuu, ping inapita lakini programu ya mauzo inaganda

ruta_na_waya
Wakuu, habari za kazi. Mteja ana duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo na tawi Mbagala. Kariakoo kuna faiba yenye IP ya umma isiyobadilika, Mbagala wanatumia laini ya 4G. Kote ni ruta za MikroTik, RouterOS 7 (mfumo wa ruta hizo), WireGuard (ndiyo VPN yenyewe) kwenye bandari 13231. Seva ya mauzo ni 192.168.10.5, tawi ni 192.168.20.0/24.

Kutoka tawini, ping kwenda kwenye seva inajibu vizuri. Risiti moja inafunguka, ila ukiita orodha ya stoo nzima skrini inaganda. Tawi likikaa kimya kwa muda, Kariakoo hawaipati kompyuta ya kule hadi mtu wa Mbagala afungue kitu. Na printa ya tawi, 192.168.20.50, haijawahi kujibu Kariakoo hata mara moja. Kwa sasa nimefungua bandari 3389 (Remote Desktop ya Windows) kutoka intaneti kwenda kwenye seva ili kazi isisimame. Nianzie wapi?

mzee_wa_pakiti
Mkuu, hayo ni matatizo matatu, usiyatibu kwa dawa moja. Fayawoli iache kwanza: ingekuwa inazuia, hata hiyo risiti moja isingefunguka.

Kuhusu ukimya, tazama IP ambayo ruta ya Mbagala imepewa na laini. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, tawi linatumia IP ya umma pamoja na wateja wengine, kwa hiyo Kariakoo haiwezi kuanza kuita. Tawi ndilo lipige hodi. Kwenye ruta ya Mbagala, kwenye peer (mwenzake wa VPN, yaani Kariakoo), weka `persistent-keepalive=25s`, itume pakiti ndogo kila sekunde 25. Bila hiyo mtandao wa simu hufuta njia ya UDP ikikaa bila kutumika.

Kuganda ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), na hapa wengi hupoteza siku nzima. WireGuard huanza na 1420. Pakiti ya ukubwa huo ikifungwa ndani ya IPv4 inaongezeka baiti 60, inakuwa 1480. Laini nyingi za 4G hazibebi hiyo nzima. Inakatwa vipande, na vipande vinapotea njiani. Ping ya kawaida ya Windows ina baiti 32 tu, ndiyo maana inakudanganya kwamba kila kitu ni kizima. Kwenye kompyuta ya tawi andika:

`ping -f -l 1392 192.168.10.5`

Isipojibu, punguza 20 kila mara hadi ijibu. Namba iliyojibu jumlisha 28. Hiyo ndiyo MTU ya kuweka kwenye WireGuard ya ruta zote mbili. Kisha, kote kuwili, amri ya kuzifanya pakiti za TCP zisizidi ukubwa huo:

`/ip firewall mangle add chain=forward protocol=tcp tcp-flags=syn out-interface=wireguard1 action=change-mss new-mss=clamp-to-pmtu`

Washa Safe Mode kabla ya kugusa ruta ya mbali. Ukijifungia nje, mabadiliko yanajirudisha yenyewe na hutapanda daladala kwenda Mbagala.

ruta_na_waya
Shukrani mkuu. IP ya laini inaanza na 100.72. Ping ya 1392 imegoma, 1352 imegoma, 1332 imepita, nimeweka 1360. Orodha ya stoo inafunguka papo hapo, na kompyuta ya tawi sasa inapatikana muda wote. Printa bado.

kebo_buluu
Kompyuta ya tawi inajibu Kariakoo, kwa hiyo njia na allowed-address (anwani zinazoruhusiwa kupita kwenye WireGuard) viko sawa. Tatizo liko kwenye printa yenyewe. Chapisha ukurasa wa mipangilio ya mtandao, uangalie mstari wa Default Gateway (ruta ya kutokea nje ya mtandao wa tawi). Printa zilizowekewa IP kwa mkono mara nyingi pale huwa 0.0.0.0: inapokea pakiti kutoka 192.168.10.x lakini haijui irudishe jibu wapi. Jaza IP ya ruta ya tawi, zima, washa.

ruta_na_waya
Ilikuwa 0.0.0.0 kweli. Nimeweka 192.168.20.1, inachapisha kutoka Kariakoo.

mzee_wa_pakiti
Safi. Sasa futa ile dst-nat (sheria ya ruta inayopeleka bandari kwenye seva) ya 3389 leo hii, usingoje kesho. Bandari hiyo ikiwa wazi, mashine za kubahatisha nywila huigonga usiku na mchana, na seva hiyo ndiyo yenye hesabu zote za mteja. Ukishafuta, fungua kumbukumbu za Windows, upande wa Security, tafuta tukio namba 4625 (jaribio la kuingia lililoshindwa) tangu siku ulipoifungua. Ukiona pia 4624 (kuingia kulikofaulu) kutoka IP usiyoijua, chomoa seva kwenye mtandao kwanza, ndipo umpigie mteja.