Tovuti ina marejeo kibao, mbona msimamizi kaikataa?

Mwanachuo_Mpya:
Habari zenu wakuu. Naandika utafiti kuhusu chanjo za watoto. Nimepata tovuti imepangwa vizuri, anwani inaishia na .org, na chini ina marejeo kibao, likiwemo la jarida la The Lancet la 1998 linalohusisha chanjo ya surua na usonji. Msimamizi kaipigia mstari, kaandika "chanzo hakiaminiki", basi. Kama jarida kubwa hivyo halitoshi, nitajuaje kipi cha kuamini?

Mkutubi:
Pole mdogo wangu, ila msimamizi wako yuko sahihi. Mimi ni mkutubi wa chuo, na hilo la .org naliona kila muhula. Anwani hiyo haithibitishi chochote, yeyote anaisajili. Kwa miaka mingi martinlutherking.org ilikuwa mikononi mwa Stormfront, kundi la wabaguzi wa rangi wa Marekani. Jina lenyewe lilitosha kumhadaa mtu.

Kuikodolea macho tovuti hakusaidii. Ukurasa wa "Kuhusu sisi" wameuandika wenyewe, watakwambia nini zaidi ya kujisifu? Toka nje. Fungua dirisha jingine, tafuta jina la tovuti na la mwandishi, usome wengine wanasemaje juu yao. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi na wahakiki wa habari katika kupima tovuti. Wahakiki ndio waliong'amua upesi, kwa sababu hawakuganda kwenye ukurasa. Wasomi wengi walisoma juu hadi chini, nembo nzuri zikawapumbaza.

Sasa hiyo Lancet yako. Makala ipo kweli, ya Andrew Wakefield na wenzake, na ilihusu watoto 12 tu. Februari 2010 jarida likaiondoa, yaani likatangaza kwamba haiaminiki tena, na mwaka huohuo Wakefield akafutwa kwenye rejista ya madaktari Uingereza. Ukiifungua kwenye tovuti ya jarida utakuta tangazo la kuondolewa limegongwa kwa herufi nyekundu kwenye kurasa zake. Wenye tovuti uliyoipata wamekupa rejeo la kweli wakaficha yaliyotokea baadaye. Hilo linaniuma sana, maana anayenaswa ni mwanafunzi makini anayejali marejeo. Tafadhali, usinakili rejeo ambalo hujalifungua mwenyewe.

Dada_Thesis:
Na Wikipedia je? Sisi tumekatazwa kabisa.

Mkutubi:
Dada, anzia hapo ila usiinukuu. Mwaka 2005 wasifu wa mwanahabari John Seigenthaler ulikaa miezi na uzushi kwamba alishukiwa kwenye mauaji ya Rais Kennedy wa Marekani. Lakini ukibofya historia ya ukurasa unaona mabadiliko yote na tarehe zake, jambo ambalo tovuti chache zinakuonyesha. Kisha shuka kwenye marejeo ukayasome hayo.

Mwanachuo_Mpya:
Nimeifungua, maandishi mekundu nimeyaona. Je, nikitaka kueleza jinsi makala hiyo ilivyopotosha watu, naruhusiwa kuitaja?

Mkutubi:
Itaje, ila sema wazi, ndani ya sentensi na kwenye orodha ya marejeo, kwamba iliondolewa 2010. Kwa hoja yenyewe ya usalama wa chanjo, soma mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya. Wamekusanya tafiti nyingi, na wana orodha ya walizoziacha pamoja na sababu. Ukikwama kwenye majedwali yao niandikie hapa, tutayapitia pamoja.