Naomba ushauri: mchawi wangu awe na kiburi au majuto?

Wakuu, salaam. Kwenye World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, nacheza elfi wa Shen'dralar, mabaki ya Highborne, tabaka la wachawi waliomzunguka Malkia Azshara. Anguko lao linaniuma. Kisima cha Umilele, chanzo cha nguvu zao za uchawi, kilipoporomoka, walijifungia katika mji wao wa Eldre'Thalas wakinyonya nguvu za pepo Immol'thar waliyemfunga. Nguvu zikapungua, na kiongozi wao, Prince Tortheldrin, akaua watu wake mwenyewe ili zitoshe wachache! Kisha katika Cataclysm, nyongeza ya mchezo huu ya mwaka 2010, waliosalia wanarudi kwa elfi wenzao waliokuwa wamepiga marufuku uchawi huo.

Sasa naandika historia ya mhusika wangu. Aliyenusurika mauaji yale arudi akiomba radhi, au akidai heshima ya zamani? Naegemea radhi, ila nahofia atapoteza ujeuri wa Highborne. Mngemwandikaje?