Mjadala: Zana ya kufungua bajeti ya ujenzi, wakala wa AI aelezwe yote au afichwe?

Wadau wa programu za ujenzi, pamoja na nyie mnaounganisha AI kwenye hizo programu, naomba hili tulijadili kwa uzito maana naona wengi wanalichukulia kama suala la uandishi tu. Mfumo wa kusimamia mradi una zana ya kufungua bajeti iliyokwisha kufungwa, na siku hizi mawakala wa AI, yaani AI inayotumwa kazi na kuifanya yenyewe hatua kwa hatua, wanaruhusiwa kuingia humo na kuita zana (kuziamuru zifanye kazi) wenyewe. Sasa yale maelezo anayosoma wakala kabla ya kuita zana, yaseme wazi kila inachoharibu, au zana isitajwe kabisa ili asijue kama ipo?

Mimi nasema iandikwe yote, kinachopotea kitajwe kwa jina lake, na kufuta kutenganishwe na kufungua. Kubandika tu neno "hatari" halafu basi, hapana.

Kwa wasiozijua bajeti za ujenzi: namba za mwanzo zikishakubaliwa zinafungwa, hazigusiki tena. Ukitaka kutoa hela kwenye akiba ya dharura kupeleka kwenye zege unaandika rekebisho, na linabaki pale na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu. Sasa ipo mifumo ambayo ukiifungua bajeti inakuuliza, haya marekebisho yabaki au yafutwe? Mtu akiliona hilo swali kwenye skrini anasita, anampigia QS (mkadiriaji wa gharama za ujenzi) kwanza. Wakala haoni skrini yoyote, kwake hilo swali ni nafasi tu ya kujaza, "futa marekebisho: ndiyo au hapana", na kama aliyeandika maelezo hakusema hiyo "ndiyo" inamaanisha nini basi atajaza chochote kitakachomfikisha mwisho wa kazi aliyotumwa.

Tuangalie kwa namba. Zege ilianza na 500,000, akiba ya dharura 200,000. Likapita rekebisho la 80,000, kwa hiyo zege inasoma 580,000 na akiba 120,000, na kwenye zege tayari mmetumia 560,000. Mtu anamwambia wakala arekebishe jina la mstari wa nondo lililokosewa herufi, kitu kidogo kabisa. Wakala anajaribu, anarudishiwa "bajeti imefungwa", anatafuta kwenye zana zake anaikuta ya kufungua, anaiita huku kwenye kufuta marekebisho amejaza "ndiyo". Rekebisho limeondoka, zege imerudi 500,000 na inaonekana imezidi kwa 60,000. Halafu wakala kwa nia njema kabisa anapandisha namba ya mwanzo ya zege iwe 580,000 ili isomeke kama zamani, kumbe akiba nayo imesharudi 200,000, yaani bajeti ya hiyo mistari miwili imetoka 700,000 ikawa 780,000 na hakuna mtu aliyeidhinisha hiyo nyongeza. Jina la mstari wa nondo limerekebishwa vizuri, ripoti inasema kazi imekamilika. Mnaona tatizo lilipo? Hakuna aliyedukua, hakuna hitilafu, kila kitu kimefanya kazi kama kilivyotengenezwa.

Na haya mambo ya mashine kupita juu ya swali la "una uhakika?" hayakuanza leo. Mwaka 2005 Google walitoa Web Accelerator, ilikuwa inafungua viungo vya ukurasa mapema ili mtumiaji asisubiri, na kwenye programu ambazo "futa" ilikuwa kiungo cha kawaida ikavifungua hivyo pia, data za watu zikafutika. Lile dirisha la kuuliza uhakika lilikuwepo, ila liliwekwa kwa ajili ya mtu anayebonyeza.

Wanaotaka ifichwe wana hoja, siidharau. Wanasema usichokitaja wakala hawezi kukiita, na pia mtu mbaya anaweza kupenyeza maagizo ndani ya barua pepe au faili la mkandarasi, wakala akalisoma na kutii. Sawa, lakini kama zana hutaki iitwe, iondoe kwenye ruhusa zake huko kwenye seva, hapo nakuunga mkono kabisa. Kuiacha ikiwa hai halafu ukanyamaza kwenye maelezo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ataijua kwa jina lake tu na kukisia mengine.

Wengine wanasema alama inatosha. Kweli, itifaki ya MCP, yaani kanuni za kuunganisha AI na zana za programu nyingine, ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024 ilipata kwenye toleo la Machi 2025 alama ya kuonyesha kwamba zana inaweza kuharibu. Ila itifaki yenyewe inasema hilo ni dokezo, na programu isiliamini kama haiiamini seva iliyolitoa. Alama haisemi kinachokufa ni marekebisho, wala kama yanarudishika. Mimi ningeandika hivi: "Hufungua bajeti ya mradi. Marekebisho yote yanabaki. Usiiite kwa sababu tu umepata ujumbe wa bajeti imefungwa, mweleze mtumiaji na usubiri jibu." Kufuta marekebisho iwe zana nyingine, na seva iikatae mpaka mtu mwenye mamlaka ya bajeti athibitishe mwenyewe baada ya kuona orodha ya yanayofutwa. Maandishi peke yake hayazuii, Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kutengeneza programu kwa AI, alifuta hifadhidata iliyokuwa inatumika ya mteja wao Jason Lemkin wakati alishaambiwa kwa maneno asibadilishe chochote.

Ninachokiogopa kwenye pendekezo langu ni uthibitisho kugeuka mazoea, mtu anabonyeza kubali kubali bila kusoma. Ndiyo maana nataka uombwe kwenye kufuta tu, usiombwe kwenye kila kitu.

Sasa nyie mnaosema ifichwe, naomba jibu: wakala akikwama kwenye bajeti iliyofungwa na mtumiaji mwenyewe akamwambia "ifungue basi", mnataka afanye nini wakati hamkumwandikia kitu?