Nimelipia nikahi, nimepewa ndara

Binti wa Mkomani:
Natetemeka ninavyoandika. Nimemkatia simu sasa hivi. Simtaji, mnamjua nyote: yule mpiga video wa vesti ya mifuko 20, kamera shingoni kama hirizi za mganga. Lamu hii hakuna harusi asiyoizika.

Ndugu yangu kaoa Ijumaa. Nikahi msikitini, wanawake tuko nyumbani, kwa hivyo Mama hakumuona mwanawe akiozwa. Si ndiyo maana ya video? Jana ikaletwa. Nyumba ikajaa, majirani mpaka kwenye ngazi, kahawa, halua, Bibi kawekwa mbele kabisa na miwani yake. Bwana harusi huyo, anavua viatu, anaingia msikitini, vigelegele nyumba nzima. Mara: ndara.

Ndara za mpiga video! Za buluu, ya kushoto imefungwa waya. Zinatembea kichochoroni dakika 11. Zinaruka mavi ya punda. Zinasimama, zinasalimiana na mtu, zinaendelea. Halafu tunamuona ndugu yangu akila halua, kashakuwa mume wa mtu. Kaingia kapera, zikapita ndara, katoka na mke.

Kumbe alipobonyeza awashe, kamera ilikuwa inaenda tangu nje, akaizima. Nikahi ikapita. Alipobonyeza azime, akaiwasha.

Bibi akauliza, "Hizi ndara ni katika mahari?" Mama hakusema kitu. Kashika kikombe mpaka kahawa ikapoa.

Mengine sitaki hata kuyataja. Kanzu zimeungua na jua, wanaume ni vichwa vitupu vinaelea. Kwenye daka la mlangoni nyuso nyeusi tii, akaziangaza, zikawa chenga. Kasida ya ufukweni ni kusi inavuma tu. Lakini sauti ya ndara, subhanallah, safi kama kengele!

Sasa yeo nampigia, ananijibu: "Dada, mwambieni bwana harusi avae kanzu aje aseme 'nimekubali', dakika mbili tu, nitaibandika kwenye editi." ARUDIE KUOA! Na kadhi tumwambie nini, "tena sheikh, taa haikukaa"?

Ndara. Dakika 11.

Nahodha wa Shela:
Mlimlipa ngapi?

Binti wa Mkomani:
Hilo halihusu.

Nahodha wa Shela:
Basi ni elfu nane. Kwa elfu nane hata mimi ningewapa ndara, tena ya mguu mmoja.

Binti wa Mkomani:
Elfu tisa.

Mzee wa Kukata:
Pole dada. Kazi hii naifanya, wacha niseme. Nikahi kwa kamera moja ni kamari. Ya pili inawekwa kwenye stendi, inamtazama kadhi na bwana harusi, haiguswi mpaka dua iishe, maana "nimekubali" haina marudio. Na taa nyekundu ya kurekodi kwenye kioo unaitazama kila unapobonyeza, mato yako yapo kwa nini? Kanzu nyeupe mchana unashusha mwanga mpaka uone mikunjo ya kitambaa. Giza kidogo editi italivuta, na chenga zake, lakini kilichoungua kimeungua, hakuna programu ya kukirudisha. Maiki ufukweni inavishwa manyoya. Na ukumbini: umeme wetu ni hezi 50, kwa hivyo fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, la sivyo taa zinameta na mistari inapita kwenye picha.

Mama Wawili:
Eeh! Ile mistari kwenye kupamba kwangu ni hiyo? Miaka minne nasingizia televisheni, nishaiuza.

Punda Mstaafu:
Mimi nazisifu ndara. Dakika 11 bila kukata na sauti safi. Kazi yake bora tangu aanze.

Binti wa Mkomani:
Cheka tu, yako inakuja.

Langoni Damu:
Afadhali wewe una ndara. Mimi alinichelewesha sinia la pilau. Kapiga fremu 25, kaivuta iwe polepole, sinia linashuka huku likikwama kama lina kwikwi. Mjomba anatafuna tonge moja nyimbo mbili.

Mzee wa Kukata:
Ukitaka polepole unapiga fremu 50 au 100 tangu mwanzo. Huwezi kunyoosha ambacho hukukipiga.

Punda Mstaafu:
Yeo tuko darasani.

Mama Wawili:
Nyinyi mnalia video, mimi yule fundi nguo amenishonea mkono mmoja mrefu. Namuuliza, ananiambia nikunje.

Langoni Damu:
Fundi yupi? Yule wa karibu na soko?

Mama Wawili:
Simtaji. Mnamjua.

Nahodha wa Shela:
Huyo! Suruali yangu ya Idi aliitia zipu nyuma.

Binti wa Mkomani:
Jamani, ndara.

Langoni Damu:
Zipu nyuma?? Ukaivaa?

Nahodha wa Shela:
Idi si ilikuwa asubuhi ile ile. Nilisali nyuma kabisa, ukutani.

Mama Wawili:
Kuna mtu anakwenda Mokowe kesho na mapema? Nina kitambaa nataka kipelekwe kwa fundi wa Malindi.