Kikundi cha Ukoo: Bibi anakuja Hombolo

Rehema (Dar): Shikamooni wakubwa. Likizo fupi ya Septemba nataka kumleta Bibi na watoto waone mashamba ya zabibu huko Hombolo, Dodoma. Nikodi gari huku?

Shangazi Yunisi: Marahaba mwanangu. Gari la nini, na Bibi miguu inavimba akikaa sana? Pandeni treni ya SGR, haziishi saa nne mko Dodoma. Kateni tiketi mapema, vitambulisho mkononi. Nitawapokea stesheni.

Baba Mdogo (Hombolo): Mbukwenyi! Septemba mmelenga penyewe. Huku tunavuna mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Baridi ya kuulaza mzabibu hatuna, kwa hiyo ukiupogoa tu unachipua, na kama miezi minne baadaye unavuna. Mavuno haya ya kiangazi ndiyo matamu. Mvua hakuna, na maji ya matone tunayafunga siku za mwisho ili sukari ipande.

Juma: Baba Mdogo, na mvinyo tutaonja?

Shangazi Yunisi: Juma, Mama yumo humu.

Bibi: Mwache aonje. Mimi mtanipa juisi.

Baba Mdogo (Hombolo): Ataonja, mweupe wa zabibu aina ya Chenin Blanc na mwekundu wa aina ya Makutupora. Ila nawaomba sana, zabibu nunueni shambani. Zikishakatwa hazisubiri. Kuna msimu mnunuzi alituambia matangi yamejaa, tukakaa tunaziangalia zinaoza kwenye kreti. Niliumia hadi leo. Kilo tano zenu kwa jirani yangu ni daftari za watoto wake.

Rehema (Dar): Tutanunua, Baba Mdogo. Na michoro ya kale ya miambani ya Kondoa je?

Saidi: Iko Kolo, kama kilomita 180 kutoka Dodoma mjini, njia ya Babati, lami. Ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Mnapitia ofisi ya mambo ya kale, mnapewa mwongozaji, mnapanda miambani. Itengeeni siku nzima. Bibi asipande.

Shangazi Yunisi: Na mtoke alfajiri. Mchana kivuli hakuna, mibuyu yote imepukutika. Upepo umejaa vumbi, Mama aje na mtandio mzito.

Bibi: Nitauleta. Hombolo sijaiona tangu tulipomzika baba yenu. Mlenda mkavu upo?

Baba Mdogo (Hombolo): Upo, Mama. Na unga wa uwele.