Mliosomea unesi ukubwani, njooni tupeane uzoefu

Keshia wa Nyamagana:
Wakuu, habari za usiku. Wiki nzima nimekuwa hospitali namuuguza mama mkwe. Aliyekuwa akimbadilishia dripu usiku ni mama wa makamo, mvi zimetokeza masikioni, nikajua ndiye mkuu wa wodi. Kumbe mwanafunzi wa mwaka wa pili, yuko fildi! Kabla ya hapo alikuwa na saluni yake. Tangu aniambie hivyo usingizi umenikataa.

Nina miaka 37, ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, mtoto wa mwisho yuko darasa la tatu. Cheti cha fomu foo kina D ya baiolojia, D ya kemia, D ya Kiswahili, D ya jiografia. Fizikia ni F iliyonyooka. Unesi niliutaka tangu nasoma, baba akasema hasomeshi mtoto wa kwenda kuosha watu. Mliopita njia hii nipeni ukweli, msinipambe. Ada, umri, ajira, ndoa, kila kitu.

Kapera Sugu:
Ngoja waje. Nimekaa paleee na kahawa yangu.

Ticha wa Zamani:
Dada, umenitonesha. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wilaya siitaji. Nikaomba ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi, nikaenda kusoma stashahada ya uuguzi na ukunga nikiwa nimeshagonga arobaini. Darasani niliwazidi umri hata baadhi ya wakufunzi. Hilo nilijiandaa nalo. Leba sikujiandaa nayo.

Tumepangwa hospitali fulani, zamu ya usiku. Naingia, nesi wa zamu anageuka, uso naujua: binti niliyemfundisha darasa la nne! Yule mtoto nilimchapa kwa ajili ya tebo ya saba. Akapiga goti, "Shikamoo mwalimu," mbele ya wanafunzi wenzangu wa miaka ishirini. Haikupita muda ananituma nikamwage beseni la kondo na vyombo nivitumbukize kwenye maji ya klorini, nihesabu dakika kumi. Kwa adabu zote, lakini kanituma.

Usiku ukiwa umeenda, mama wa uzao wa tano akajifungua vizuri. Mtoto kalia, sindano ya oksitosini ya kukaza kizazi kachomwa, kondo limetoka zima. Nikageuka kumpima mtoto uzito. Kurudi, damu inachuruzika toka kitandani hadi kwenye viatu vyangu. Binti akapaza sauti: "Mwalimu, kanda tumbo! Usiache!" Kizazi kimelegea, mkono unazama tu. Nikakanda. Yeye huku anaweka kanula ya pili, ule mrija wa mshipani, anamtoa mkojo kwa mpira maana kibofu kikijaa kizazi hakikazi, anamwita daktari simu ikiwa imebanwa begani. Mikono imekufa ganzi, nikilegeza kidogo nasikia, "Mwalimu, kanda!" Halafu ghafla nikakihisi chini ya kiganja, kimekaza, kigumu kama embe bichi. Damu ikapungua.

Mama yule alipona. Asubuhi kwenye ripoti binti akasema mbele ya matroni, "Mwalimu wangu amenisaidia sana." Nikaenda chooni nikalia, na sijui nilikuwa nalia nini. Damu utaizoea, dada. Kutumwa na mtoto uliyemfundisha kuandika jina lake, hapo kila mtu na moyo wake.

Kwa mliomo serikalini: ukimaliza unaomba kubadilishwa kada, na unaanzia daraja la chini la kada mpya. Ulizeni habari ya mshahara binafsi, yaani kubaki na mshahara wako wa zamani, mapema, kabla hamjasaini karatasi yoyote.

Nyamisi:
Mwalimu umeniliza. Hapo kwenye kutumwa nakazia.

Mzee wa Hoja:
Hadithi tamu, lakini mleta mada msimdanganye. Matangazo ya ajira serikalini yameandikwa wazi: umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko kazini serikalini. Ticha alikuwa tayari mtumishi, wewe ni keshia wa dukani. Piga hesabu: mwaka wa kurudia fizikia, miaka mitatu ya stashahada, mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, halafu kusubiri ajira kada ya afya. Unagonga 42 au 43 ukiwa bado mtaani na bahasha.

Sista Kibao:
Mzee wa Hoja, kwani hospitali ni za serikali peke yake? Za mashirika ya dini ziko nchi nzima, na binafsi zipo. Mimi niliajiriwa na hospitali ya misheni nina miaka 46, waliniuliza leseni na kama naweza zamu ya usiku. Basi.

Mzee wa Hoja:
Na mshahara je? Taja hapa.

Sista Kibao:
Taja wewe wako kwanza.

Mzee wa Hoja:
Nilijua tu. Nawaambia kitu kimoja: hiyo 45 ukiitazama ina mantiki. Kustaafu kwa lazima ni 60. Toa 45 unabaki na miaka 15, ambayo ni miezi 180, na ndiyo michango inayotakiwa mfuko wa watumishi wa umma ili ulipwe pensheni ya kila mwezi. Ukiingia umechelewa unaondoka na mkupuo, unarudi kijijini kununua mbuzi.

Kapera Sugu:
Mbuzi nao ni mtaji, mzee, usiwadharau.

Bwana Bureti:
Kwenye F ya fizikia msiruke haraka. Vyuo vinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake kemia, baiolojia na fizikia lazima ziwemo. Asikudanganye mtu kwamba kuna chuo "kitakusaidia". Maombi yanapita NACTVET, wale wasimamizi wa vyuo vya ufundi na vya kati, na matokeo yako ya NECTA, Baraza la Mitihani, wanayaona.

Mimi nilirudia kemia na fizikia nikiwa fundi umeme, kama mtahiniwa binafsi. Novemba, nimeingia chumba cha mtihani na shati langu la kuchomekea, watoto wote wakasimama: "Shikamoo mwalimu!" Nikaitikia, ningefanyaje. Halafu nikakaa kwenye dawati, kimya kikatanda, mmoja akacheka mpaka msimamizi akamtoa nje kidogo. Siku ya vitendo vya kemia ndiyo ilikuwa kazi. Asidi kwenye bureti, besi kwenye chupa, matone ya MO (methyl orange, kile kiashiria), unasubiri njano igeuke. Macho yangu ya miaka 39 hayakuona mstari wa bureti bila miwani, na miwani nimeiacha kwenye begi nje. Kabinti ka jirani kakaninong'oneza, "Baba, inama, macho yawe sawa na mstari." Nilipata C.

Kwa hiyo dada, tafuta kituo cha jioni, tafuta mwalimu wa fizikia, na beba miwani.

Nyamisi:
"Baba, inama" 😂😂 nimecheka mpaka nimeamsha mtoto.

Tairi Kumi:
Nilikuwa nasoma tu, lakini hapo kwenye kukanda nimekumbuka mbali. Mimi nilikuwa dereva wa lori, Dar–Tunduma, umri wangu wote wa ujana. Siku hiyo tunashuka Kitonga, breki zikagoma. Nikalalia ukuta wa mlima upande wa ndani, ndiyo uamuzi pekee uliokuwepo. Kichwa kikasimama, tela likajikunja. Mimi mzima. Utingo wangu mguu umebanwa na bati, damu inaruka, inaruka kwa mapigo. Nipo pale na nguvu zangu zote, mtu wa kubadilisha tairi peke yake, na sijui cha kufanya. Namwita jina tu.

Watu wakaja. Wengine wakaja na madumu, mnajua wenyewe. Akatokea dada mmoja toka basi la abiria, mwembamba, akavua kitenge, akakiviringisha, akanishika mikono akaiweka kwenye paja la utingo: "Bonyeza hapa, kwa uzito wako wote, hata akikutukana usitoe." Akatukanwa yeye, nikatukanwa mimi. Kitenge akakifunga juu zaidi ya jeraha, upande wa kiunoni, akaingiza kijiti akasokota, akatazama saa, akaandika muda kwa kalamu kwenye paji la uso wa mgonjwa. Nikamuuliza wewe ni daktari? Akasema, "Mimi nesi, naenda likizo." Wakapakiwa kwenye pikapu, yule nesi sikumwona tena.

Utingo alipoteza mguu, roho ikabaki. Mimi niliendesha kidogo tena, kila nikishuka Kitonga mikono inakumbuka. Nikarudi shule. Sasa niko wodi ya majeruhi wa mifupa, wanaume. Wagonjwa wakiniona na mwili huu wanauliza nesi yuko wapi.

Kijukuu cha Bibi:
Hii chai. Lete na maandazi. Kitonga basi linasimama vipi abiria washuke watembee? Na huyo nesi saa na kalamu alikuwa navyo mkononi kama yupo zamu?

Tairi Kumi:
Kijana, ulishawahi kupita Kitonga au unaiona kwenye simu? Lori likilala pale barabara imefungwa, mabasi yanapanga foleni toka juu hadi chini, abiria wote wanashuka kuchimba dawa na kushangaa. Na muda unaandikwa kwa sababu wa hospitali lazima wajue mguu umefungwa tangu saa ngapi. Ungesoma ungejua.

Sista Kibao:
Tairi Kumi yuko sawa kwenye muda. Na nesi bila kalamu umemwona wapi?

Kijukuu cha Bibi:
Haya yaishe. Lakini mwanaume kuwa nesi, mkuu, wodi ya wazazi unaingiaje?

Bwana Bureti:
Kwa mlango. Swali linalofuata.

Mama Wawili:
Mimi sina uzoefu wa kusoma, nina uzoefu wa kulazwa. Naomba tu nyie wakubwa mkishaingia msije mkawa na zile kauli. Nilijifungua hospitali moja, nikaambiwa "mbona wakati unaitafuta hukulia?" Sijasahau.

Mzee wa Hoja:
Ndiyo matokeo ya watu kwenda kutafuta ajira na si wito.

Ticha wa Zamani:
Pole sana Mama Wawili, hiyo haina utetezi. Mzee wa Hoja, wito ulioambatana na wodi ya wagonjwa hamsini na nesi mmoja usiku, njoo uusimamie wewe wiki moja, halafu turudi kuandika.

Dada wa Leeds:
Huku Uingereza nilianza na kulea wazee majumbani, kubeba boksi kama mnavyotuita. Baadaye nikasoma kozi ya mwaka mmoja ya kuingilia chuo, kisha digrii miaka mitatu. Nusu yake uko hospitali kwa vitendo, saa zisizopungua 2,300, na zamu ni saa kumi na mbili na zaidi. Waliobahatika kuwa na ukaazi wanapata ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka toka mfuko wa NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, isiyorudishwa. Ukiwa na viza ya kazi tu, ada unalipa ya mgeni, usithubutu kabla hujapiga hesabu. Darasani kwetu wa miaka arobaini tulikuwa wengi, hakuna anayekushangaa. Baridi ya saa kumi na moja alfajiri kituo cha basi ndiyo inayokushangaa.

Mswahili wa Kisauni:
Nami niongeze la Marekani. Mombasa nilikuwa mhasibu wa kampuni ya makasha, hapa Minnesota nikaanza chini kabisa, CNA, yaani msaidizi wa nesi, kuogesha na kugeuza wagonjwa, huku nasoma anatomia usiku. Mtihani wa leseni wenyewe, NCLEX, unafanyika kwa kompyuta, na hiyo kompyuta haina huruma. Yaweza kuzima kwenye swali la 85, yaweza kukupeleka hadi la 150, nawe hujui ikizima umefaulu ama umezama. Mie ilinizimia mapema, nikatoka nje nikampigia mke wangu, nikamwambia tufungashe turudi Kisauni. Kumbe nimepita. Ushauri wangu kwa dada: usianzie chini kama mie, ingia moja kwa moja kwenye stashahada.

Sista Kibao:
Mimi nasema kinyume. Aanze astashahada, miaka miwili, apate leseni, afanye kazi, ajiendeleze akiwa analipwa. Mkopo asitegemee sana, Bodi ya Mikopo nayo ina ukomo wake wa umri.

Bwana Bureti:
Stashahada. Ukishazoea mshahara hurudi darasani.

Kapera Sugu:
Asome zote mbili, moja asubuhi moja jioni.

Tairi Kumi:
Asome yoyote, lakini duka asiache mpaka barua ya udahili iwe mkononi. Na anunue viatu vizuri vyepesi vyenye soli ya mpira, asihangaike na vya bei poa vya mnadani. Mgongo wangu uliharibiwa na lori, miguu imeharibiwa na wodi.

Keshia wa Nyamagana:
Asanteni wote, hata Mzee wa Hoja. Mume wangu nimempa simu asome uzi mzima. Amesoma kimya, akarudia ya Ticha, akauliza kitu kimoja tu: zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi na nani atapika. Sijajibu. Bwana Bureti, hicho kituo cha jioni kwa huku Mwanza unakifahamu? Na hesabu za fizikia zile za vioo na lenzi bado zipo?

Bwana Bureti:
Zipo, dada, na taswira bado inaangaliwa kama ni halisi au si halisi. Nimekutumia ujumbe pembeni.

Nyamisi:
Wa kupika ni yeye huyo aliyeuliza.

Kijukuu cha Bibi:
Tairi Kumi, yule utingo yuko wapi siku hizi?

Tairi Kumi:
Makambako, ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Kila nikipita ananiita "sista". Namlipa na makato.