Ekzosi ya Boxer 150: nitapataje sauti nzito kwa bajeti ndogo?

MkaziWaKimara:

Habari zenu wakuu. Ninayo pikipiki aina ya Boxer BM 150 ninayoitumia kusambaza mizigo midogo kutoka Kariakoo hadi Mbezi na Tegeta, kwa hiyo nakuwa juu yake karibu siku nzima. Injini ni nzima, lakini mlio wake ni mwembamba mno, nami ningependa muungurumo mzito ambao hata hivyo hautawapasulia watu masikio. Bajeti yangu haizidi shilingi 120,000.

Fundi mmoja wa mtaani kwetu amenishauri tulikate kopo la ekzosi, tutoe vyumba vya ndani, kisha tulichomelee tena. Kijana wa duka la spea, kwa upande wake, ananishawishi ninunue kopo fupi lililo tayari, lenye maandishi ya kampuni kubwa ya nje, ingawa bei yake inaonyesha wazi kwamba kampuni hiyo haikuhusika. Wote wawili wanadai nguvu itaongezeka. Naomba ushauri wa wenye ujuzi: lipi kati ya hayo linafaa, na je, ulaji wa mafuta hautabadilika?

FundiBomba:

Ndugu yangu, kabla hujatoa hata shilingi moja, hakikisha kwanza kwamba ekzosi uliyonayo haivuji, kwa sababu pikipiki nyingi zinazolalamikiwa kwa mlio mbaya huwa zinapumulia kwenye maungio. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi kabisa, iwashe, kisha pitisha kiganja karibu na mahali bomba linapoingia kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, bila kuligusa. Ukihisi pumzi inakupiga kwa vipindi, au ukiona masizi meusi yametapakaa kwenye mapezi ya hedi, basi gasketi imekwisha. Uvujaji wa hapo ndio unaotoa ule mlio mkavu wa kutatarika, na ndio unaovuta hewa ndani unapoachia mafuta ghafla, hata petroli ambayo haikuungua ikalipukia kwenye bomba. Gasketi yenyewe ni pete ndogo ya bei rahisi, na kila bomba linapofunguliwa inapaswa kuwekwa mpya, jambo ambalo mafundi wenzangu wengi hawalizingatii.

Sasa tuje kwenye sauti. Injini yako ni ya silinda moja na mipigo minne, maana yake inawaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, yaani mhimili mkuu wa injini. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inatoa milipuko 1,500, yaani 25 kwa sekunde. Mdundo huo wa chini ndio uzito unaoutafuta, na tayari unao. Kinachouharibu ni sauti kali za juu zinazotoka pamoja nao. Ndiyo maana kung'oa vyumba hakuleti uzito: kunazifungulia njia sauti zote kwa pamoja, na sikio la binadamu huzishika zile kali kwanza. Utapata kelele, muungurumo hutaupata.

Ipo njia nyingine ambayo haitaimaliza bajeti yako. Tafuta kopo kuukuu la Boxer kwa wauza spea zilizotumika, la aina ile ambayo ndani limeoza lakini ganda lake ni zima, na lako la sasa ulihifadhi bila kuguswa. Ndani ya hilo kuukuu fundi apitishe bomba lililotobolewa matundu madogo pande zote, lenye kipenyo kilekile cha bomba linalotoka kwenye injini, kisha nafasi inayobaki aijaze pamba ya nyuzi za kioo, ile inayotumika kuzuia joto kwenye oveni. Pamba hiyo humeza sauti kali vizuri kuliko nzito, kwa hiyo kinachobaki kutoka nje ni ule mdundo wa chini. Isishindiliwe sana, maana ikibanwa mno haimezi kitu, na ikilegea hupeperushwa na moshi kidogokidogo hadi kopo libaki tupu. Sponji ya godoro isikaribie kabisa. Nimeshaifungua mara nyingi ikiwa majivu. Anayeishika pamba ya kioo avae glavu na kuziba pua.

Jambo la mwisho kwa leo: kama bomba lako lina kile kichumba kidogo kilichojitokeza karibu na injini, ambacho Bajaj, watengenezaji wa Boxer, wanakiita ExhausTEC, usimruhusu mtu akikate. Kimewekwa ili kusaidia nguvu ya mizunguko ya chini, na wewe unayebeba mizigo kupandisha Kimara unaihitaji nguvu hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

DerevaTandika:

Natofautiana kidogo na fundi. Kazi anayoielezea ni nzuri, lakini inahitaji fundi mwenye subira, na pikipiki ya biashara ikilala gereji siku mbili hasara yake inazidi bei ya kopo la dukani. Yale makopo mafupi, hata kama maandishi yake ni ya uongo, mengi huja na kizibo cha kupunguza sauti kinachoshikwa na boliti moja kwenye mdomo wa nyuma. Kizibo kikiwa ndani, mlio unavumilika na pikipiki inapungua uzito. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hukitoa siku ileile ya kwanza.

FundiBomba:

Hoja ya muda naikubali, na kizibo ni cha kweli. Hata hivyo, kopo fupi lina nafasi ndogo ya pamba, na bati lake jembamba hutetemeka lenyewe hadi likaongeza mlio wa debe juu ya mlio wa injini. Ukilinunua, ligonge kwa ukucha ukiwa dukani: likiita kwa muda mrefu, liache. Angalia pia kipenyo cha ndani, kwa kuwa mengi yametengenezwa kwa injini kubwa kuliko ya Boxer.

MzeeWaKabureta:

Kijana, swali lako la nguvu na mafuta halijajibiwa. Kwenye injini ya ukubwa huu ambayo haijaguswa kitu kingine, usitarajie nguvu ya kuhisiwa na mwendeshaji. Wengi huamini imeongezeka kwa sababu masikio yanawadanganya: kelele kubwa hufanya mwendo uleule uonekane wa kasi.

Linalobadilika kweli ni uwiano wa hewa na petroli. Moshi ukitoka kwa urahisi zaidi, injini huvuta hewa nyingi zaidi, na kabureta iliyopangwa kiwandani inaweza kushindwa kutoa petroli ya kutosha. Baada ya kufunga ekzosi mpya, endesha kwa mwendo wa kawaida wa kazi zako, zima injini, iache ipoe kiasi, kisha fungua plagi uitazame ncha yake. Rangi ya kahawia ni salama. Ikiwa nyeupe, petroli ni pungufu na injini inapata joto kupita kiasi. Hapo unaongeza namba moja ya jeti kuu, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli, usiruke namba tatu kama wanavyofanya vijana wenye haraka. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi, na huko ndiko pesa yako inakopotelea. Kopo la pamba lenye bomba la kipenyo kilekile huenda lisihitaji hata kugusa jeti, lakini lile lililong'olewa vyumba mara nyingi huhitaji.

DadaWaSinza:

Mimi ni abiria wa kila siku, na kakangu anaendesha. Naomba niongeze mambo mawili ambayo kaka zangu mmeyapita. La kwanza ni kinga ya joto: hakikisheni kopo jipya linafungiwa bati la kuzuia joto upande wa mguu wa abiria, kwani hilo ndilo linalosahaulika na makovu tunabaki nayo sisi.

La pili ni masikio yako mwenyewe, muuliza swali. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kelele ya desibeli 94 inaruhusiwa saa moja tu, ilhali wewe umesema unashinda juu ya pikipiki. Kisheria pia tunazo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, kwa hiyo usishangae ukisimamishwa.

MkaziWaKimara:

Shikamoo mzee, na ahsanteni wote. Nimepima kwa kiganja leo asubuhi na kweli pumzi inatoka kwenye hedi, upande wa nati ya chini. Nitaanza na gasketi, halafu nitafute kopo kuukuu. Fundi, kuchomelea kunaweza kufanyika ekzosi ikiwa bado imefungwa kwenye pikipiki?

FundiBomba:

Hapana, ifunguliwe yote. Ikilazimika kuchomelewa ikiwa juu ya pikipiki, waya za betri zichomolewe kwanza, la sivyo umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza mfumo wa chaji. Bati hilo ni jembamba, kwa hiyo mwambie fundi atumie gesi badala ya vijiti vya umeme, ambavyo hulitoboa. Nati za kwenye hedi zimwagiwe mafuta ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia siku ya kazi, kwa sababu stadi, yaani ile boliti inayoshika nati, ikikatikia ndani ya aluminiamu ya hedi, gharama ya kuitoa itameza bajeti yote. Wakati wa kufunga, kaza nati mbili kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, na uzirudie tena injini ikishawaka na kupoa mara ya kwanza.

MzeeWaKabureta:

Marahaba. Ukiipata plagi nyeupe, leta picha yake hapa kabla hujanunua jeti.